Nyumba ya ukoo wa Xue kule Wuxi, inafaa kumpeleka mama?

Dada mmoja anayesoma Shanghai kaniandikia hivi: "Kaka, habari za kazi. Mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga na tutakuwa na siku moja tu ya kutoka nje ya mji. Rafiki yangu Mchina anasema nimpeleke Wuxi kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wa Xue, eti walikuwa matajiri wa viwanda. Mi nishaenda mji mmoja wa kale huku nikaishia kuona maduka ya midoli na watu wanapiga selfie, nauli iliniuma. Mama ana miaka 67, goti linamsumbua, Kichina hajui hata neno, na kafanya kazi kiwanda cha nguo miaka ishirini na kitu. Je inafaa? Na tukifika tuangalie nini?"

Dada yangu, mpeleke. Tena hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu kiwanda cha nguo ndo imenifanya nikae niandike kirefu, maana nyumba ile wengi wanaipita kama wanapita sebuleni kwa mtu, wanapiga picha nakshi wanatoka, na ninavyokuona wewe unaye mtu ambaye ataiona kwa jicho jingine kabisa. Mi nilisomea uhifadhi wa majengo Nanjing, Wuxi nimeshaenda mara nyingi hadi aibu, kwa hiyo nikizidisha maneno nisamehe.

Kwanza uelewe nyumba ni ya nani, kwa sababu hapo pana mkanganyiko. Jina lililoko mlangoni ni la Xue Fucheng, na huyu hakuwa mtu wa viwanda, alikuwa afisa wa serikali ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China. Alianza kama karani kwa wakubwa, kwanza kwa Zeng Guofan halafu kwa Li Hongzhang, baadaye akapewa ubalozi wa Uingereza, Ufaransa, Italia na Ubelgiji. Alikuwa anaandika kwamba wafanyabiashara waachiwe wajenge viwanda, kwamba nguvu za Ulaya hazikai kwenye meli za vita peke yake, zinakaa kwenye karakana na mabenki. Nyumba ilijengwa kati ya 1890 na 1894, yaani miaka ileile aliyokuwa Ulaya, yeye anachora na kuagiza kutoka mbali, mwanawe Xue Nanming yuko site anasimamia mafundi. Kama watu wetu wa Ughaibuni wanavyojenga kwa simu vile. Akarudi 1894, akateremka meli Shanghai, akaugua akafa pale pale. Nyumba yake hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Kwa hiyo nyumba ilijengwa na cheo cha baba, ila walioishi humo ni watoto na wajukuu, na hao ndo wakawa watu wa hariri. Hilo likae kichwani muda wote mnaotembea, kwa sababu ukiingia utaona vitu viwili vinavyovutana, sehemu ya mbele ni ya mtu anayeonyesha heshima ya serikali, huku pembeni na nyuma ni ya watu wanaohesabu hela.

Sasa hapa nitachomekea kitu. Watu wa Lamu, ule ua wa ndani wa nyumba ya mawe, pale panapoingia jua na hewa, wanauita kiwanda. Kiwanda hichihichi. Mtu wa bara ukimwambia bibi kakaa kiwandani anadhani bibi kaajiriwa. Nilipokuwa namwelezea mwenzangu mmoja nyumba ya Xue nikajikuta nacheka mwenyewe, maana ni nyumba ya viwanda kwa maana zote mbili, nyua ndani ya nyua, na hela ya kuzitunza ilitoka kwenye mitambo ya kusokota hariri. Mama yako wa Tanga akishawahi kuingia nyumba ya zamani ya pwani hatopotea: daka, ua, vyumba vinavyoangalia ndani badala ya barabarani, kadiri unavyoingia ndivyo panavyozidi kuwa pa siri. Mantiki ileile, isipokuwa ya kwetu inapanda juu na hii inakwenda mbali kwa nyuma.

Na inakwenda kweli. Eneo lote ni kama mita za mraba 21,000, vyumba zaidi ya 160. Usiogope, haina haja ya kuvimaliza.

Mkifika msikimbilie ndani. Simameni upande wa pili wa lango mtazame upana wake, mhesabu nafasi kati ya nguzo na nguzo. Zinafika tisa. Wakati wa Qing idadi hiyo si mchezo, jengo la nafasi tisa ni la ngazi ya kifalme, afisa hata akiwa mkubwa haruhusiwi, unaweza ukashtakiwa kwa kujikweza. Walichofanya ni kuzigawa tatu tatu tatu kwa kuta na vizuizi, ili akija mtu kuuliza wamwambie mbona hii ni nyumba ya nafasi tatu, hizo nyingine ni majirani zake. Napenda sana huo ujanja. Na mfalme mwenyewe ndo aliyewapa jina la lango, kwa hiyo walimchezea mfalme kwa kibali chake mwenyewe.

Kutoka langoni mstari wa katikati unakwenda moja kwa moja: ukumbi wa lango, ukumbi wa machela pale wageni waliposhuka mabegani mwa wachukuzi, halafu ukumbi mkubwa wa kupokelea watu. Ukumbi mkubwa ndo kila mtu anapiga picha, una viti vikubwa vya mbao nzito vimepangwa huku na huku kwa cheo, na ubao wenye jina la ukumbi juu. Jina lake linasomeka Wuben Tang, tafsiri ya karibu ni ukumbi wa kushughulikia shina la mambo. Mtoto wa kwanza wa kiume anakaa huku, mgeni wa heshima anakaa kule, na mwanamke wa nyumba hiyo siku ya wageni hayupo kabisa.

Kuhusu goti: vizingiti. Kila mlango una kizingiti cha mbao kinachopanda juu, mingine inafika karibu na goti, na hupaswi kukikanyaga, ni mwiko wa nyumba za huko, unakivuka. Mwambie mama aanze na mguu usiouma, ashike fremu ya mlango, na wewe utangulie mbele umpe mkono. Mkivuka kumi hivi atakuwa kashachoka, kwa hiyo kaeni kwenye mabenchi ya nyuani, hakuna anayewakimbiza.

Na mkikaa angalieni juu. Ua wa nyumba za kusini ya China ni mdogo na mrefu kwenda juu, wenyewe wanauita tianjing, kisima cha mbingu, na mapaa ya pande zote nne yanainamia ndani. Mvua ikinyesha maji yote ya mapaani yanamwagikia uani na si barabarani kwa jirani. Wanasema ni riziki inarudi nyumbani. Mimi kama mtu wa majengo nakwambia pia ni maji ya kuzima moto na ni baridi ya bure wakati wa joto, ila usimharibie mtu utamu kwa kumweleza hayo. Bahati mkienda siku ya mvua, kaeni tu hapo chini ya ukingo wa paa msikilize, nusu saa nzima, haina hasara.

Baada ya ukumbi mkubwa watu wote wanafuata mshale kwenda mbele. Nyie msifuate. Tafuteni mlango mdogo pembeni unaotoka kwenye uchochoro. Ni mrefu, mwembamba, una giza hata saa sita mchana, kuta mbili ndefu zimekukaba, unakwenda kutoka mbele hadi nyuma ya nyumba sambamba na zile kumbi. Kwa Kichina wanauita beinong. Humo ndimo walimopita watumishi na chai na makaa na maji ya moto, ndimo walimopita wanawake wa nyumba kukiwa na wageni wa kiume, na ukuta wake mrefu kupita mapaa ni kizuizi cha moto, upande mmoja ukiungua mwingine unapona. Mimi nakuwa na msimamo mkali kidogo hapa: ambaye hajapita uchochoroni hajaiona nyumba ya Xue, kaona picha yake. Pita pole pole, weka kiganja ukutani, tofali limelainika kwenye kimo cha bega. Hao ni watu miaka na miaka wanapita na sinia mikononi wakijiegemeza wasimwage.

Uchochoro utawatoa kwenye makazi ya familia, na hapo kuna kile wanachokiita zhuanpanlou, nyumba ya mzunguko. Ni majengo mawili ya ghorofa yanayotazamana, yameunganishwa juu kwa baraza zinazozunguka, kwa hiyo ukipanda ghorofani unaweza kutembea duara zima ukarudi ulipoanzia bila kugusa chini. Wakati wake ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa nyumba ya mtu binafsi. Ngazi za mbao ni za kusimama wima, mama asipande, abaki uani, wewe panda kama kumefunguliwa uzunguke umpungie mkono kutoka juu. Tazama vioo vya rangi kwenye madirisha, na jinsi kioo cha Kizungu kimeingizwa kwenye fremu iliyochongwa Kichina kama vile kilikuwepo siku zote.

Upande wa mashariki kuna ukumbi wa starehe na jukwaa la kuimbia opera, limejengwa juu ya bwawa. Maji chini ya sakafu yanaipa sauti mwangwi, mwimbaji hahitaji kupiga kelele. Huko huko mtakuta chumba cha biliadi, kweli kabisa, meza ya biliadi, enzi za mwisho wa Qing. Baba kakaa London na Paris, na hiki ndo kilichobaki nyumbani cha safari yake. Wageni wa China wanakipenda sana hicho chumba, mi naona ni cha kawaida, kinachonivuta zaidi ni ghala la nafaka lililo ndani ya ukuta huohuo. Mpunga wa kodi kutoka kwa wakulima waliokuwa wanalima ardhi ya ukoo uliletwa humo. Yaani biliadi na ghala viko ndani ya ukuta mmoja, muonyeshe mama vyote viwili.

Sasa tuje kwenye hela, maana rafiki yako kasema matajiri wa viwanda na hakukueleza vipi.

Wuxi iko pembeni ya ziwa Tai, na eneo lile lote wakulima walikuwa wanapanda miforosadi kwenye matuta, wanalisha viwavi wa hariri majani yake. Kiwavi akishiba anajifunga ndani ya kifukofuko, anakisokota kwa uzi mmoja mrefu, unaweza kufika kama kilomita moja kwa kifukofuko kimoja kisichozidi kidole gumba. Hapo ndipo biashara inapoanza na ndipo inapokuwa na ukatili wake. Ukikiacha kifukofuko, kwenye wiki mbili hivi nondo anakitoboa anatoka, na uzi ukishakatika haufai tena kuvutwa kwa mashine. Kwa hiyo mkulima akivuna hana muda, hawezi kuweka ndani asubiri bei ipande. Anayeweza kusubiri ni mwenye tanuri, yule anayeweza kukausha vifukofuko kwa moto, kumuua mdudu ndani, halafu akaweka stoo miezi. Xue Nanming alianza hapo hapo, kwenye vituo vya kununulia vifukofuko vyenye matanuri. Ukimiliki tanuri unapanga bei wewe, mkulima kaja na kapu lake jua linawaka na kila saa inayopita mali yake inaelekea kuota mabawa. Mtu wa korosho au wa nyanya hapa nyumbani haelezwi mara mbili.

Mwaka 1896 Nanming na mwenzake Zhou Shunqing wakafungua kiwanda cha kuvuta nyuzi Shanghai, kikaitwa Yongtai. Miaka ya mwanzo hasara tupu. Baadaye kikakaa sawa, na 1926 kikahamishiwa Wuxi karibu na vifukofuko vyenyewe. Mtoto wa Nanming, Xue Shouxuan, ndo mjukuu wa balozi, alisoma Marekani akarudi akachukua usukani, akabadilisha mashine, akatuma watu Japani kujifunza maana wakati ule Wajapani walikuwa wameshawaacha Wachina mbali kwenye hariri, akaanza kuuza moja kwa moja New York bila kupitia madalali wa Kizungu wa Shanghai. Kufika katikati ya miaka ya 1930 viwanda vingi vya hariri vya Wuxi viko mkononi mwake kwa njia moja au nyingine, wakamwita mfalme wa hariri. Mke wake ni binti wa Rong Zongjing, na ukoo wa Rong ndo ule wa unga wa ngano na pamba, wa Wuxi hapo hapo. Kwa hiyo hariri ikaoa unga na pamba. Kisha vita ya Japani ikafika 1937, ikavunja kila kitu, na Shouxuan akahamia Marekani akaishia huko.

Nyumbani kwa Xue hakuna mahali mtakapomuona mwanamke aliyevuta huo uzi. Na huyo ndo mtu ambaye mama yako atamtafuta, naapa. Kwa hiyo mkitoka hapo nendeni Nanchang Jie, mtaa wa kale pembeni ya Mfereji Mkuu, majengo ya Yongtai yako huko na yamefanywa makumbusho ya hariri. Mtaa wenyewe umejaa maduka yaleyale yaliyokukera, jikaze upite, usiangalie kulia wala kushoto.

Kazi ilikuwa hivi. Mbele ya kila mfanyakazi kuna beseni la maji ya moto kweli kweli, vifukofuko vinaelea ndani vikilainika gundi yake. Unavipigapiga kwa kifagio kidogo mpaka ncha za nyuzi zijitokeze, hazionekani vizuri kwa macho, unazihisi. Unaokota ncha kutoka vifukofuko kadhaa, unaziunganisha zipite kwenye tundu moja ziwe uzi mmoja, juu gurudumu linavuta. Kimoja kikiisha uzi unakuwa mwembamba, lazima utumbukize vidole majini haraka uongeze kingine kabla kasoro haijapita, na mnunuzi wa New York anaipima kasoro hiyo kwa mashine. Wengi walikuwa wanawake na wasichana wadogo, saa kumi na mbili kwa siku, ukumbi umejaa mvuke na harufu ya mdudu aliyechemka, vidole vimeumuka vyeupe. Mashine za zamani zilikuwa na nyuzi chache kwa mtu mmoja, hizi mpya alizoleta Shouxuan zilikuwa na nyingi zaidi kwa mwendo wa taratibu, uzi ukawa sawa zaidi, na mfanyakazi akawa na ncha nyingi zaidi za kulinda. Mama akisimama mbele ya hizo mashine mwache aongee. Mi niliwahi kumpeleka pale mama mmoja aliyestaafu kiwanda cha nguo Morogoro, akaenda moja kwa moja kwenye mashine akaulizia uzi ukikatika anasimamisha nani, swali ambalo mimi na digrii yangu sikuwahi kulifikiria, na mhudumu wa pale alivyotafsiriwa akacheka akamshika mkono wakaanza kuonyeshana kwa vidole, hawakunihitaji tena.

Mkibaki na nguvu kuna makumbusho mengine kwenye kiwanda cha unga cha ukoo wa Rong, kilianzishwa 1900 kwa mawe manne ya kusagia kutoka Ufaransa, kikabomolewa vitani kikajengwa upya. Ila kwa goti lile na siku moja mi ningekiacha.

Mambo ya safari sasa. Treni ya kasi kutoka Shanghai haifiki saa moja. Kata tiketi ya stesheni inayoitwa Wuxi tu, usikate ya Wuxi Dong, hiyo iko mbali mashariki na mtapoteza muda kwenye metro. Pasipoti zote mbili mkononi, tiketi inasoma pasipoti. Kutoka stesheni shika metro laini namba 1, vituo viwili tu mpaka Sanyang Guangchang, halafu teksi fupi mpaka Xueqian Jie kwa ajili ya goti, wewe peke yako ungetembea. Kutoka hapo kwenda Nanchang Jie teksi tena. Epuka Jumatatu, makumbusho mengi China yanafunga siku hiyo, na epuka wiki ya kwanza ya Oktoba kama ugonjwa, nchi nzima iko barabarani. Juni na Julai kunanyesha na joto linabana, mwezi wa nne au mwisho wa mwezi wa kumi ndo raha. App ya kutafsiri ya kamera inasaidia kwenye vibao vya maelezo, kwenye mbao za maandishi makubwa ukumbini haisaidii kitu, maandishi ni ya kale yanaitoa mchezoni.

Chakula: Wuxi wanasifika kwa mbavu za nguruwe na vibumbunda vya mvuke vya nyama hiyohiyo, na vyote wanavitia sukari kama wanatengeneza visheti. Kama mama hali nguruwe, tafuteni mgahawa wa tambi za Lanzhou unaoendeshwa na Waislamu, supu ya ng'ombe ya moto na tambi zinazovutwa kwa mkono mbele yenu. Akae karibu na jiko aone zinavyovutwa.

Tiketi ya kurudi kata ya jioni kabisa, saa mbili usiku hivi, maana kule kwenye mashine mtachelewa. Na mpe shikamoo yangu.